Natafuta jina la mtoto lenye furaha ndani yake

Mama_Langoni (Lamu):
Asalaam aleikum nyote. Nina mimba yangu ya kwanza, na inshallah nitajifungua kabla ya Maulidi. Mimi ni Mwamu, mume wangu ni Mgiriama wa Malindi. Mtoto huyu tumemngoja sana, mpaka watu wakachoka kuniuliza. Ndiyo sababu nataka jina la furaha, si la ukubwa wala la mali.

Mavyaa wangu anataka mtoto achukue jina la wazee wa baba, ndiyo ada yao, nami sina neno. Akiwa mke ataitwa Kadzo kwao. Hili la pili ndilo letu, na kama ni mume au mke hatukutaka kuambiwa.

Furaha nalipenda, lakini tayari wamo wawili ukooni. Farah nimelifikiria, ila kwa Wasomali hilo ni jina la mwanamume, kama yule mwanariadha Mo Farah, na Waarabu siku hizi humpa zaidi mtoto mke. Jioni mama hupanda darini akayaita kwa sauti moja baada ya jingine, aone lipi linafika kwa jirani. Leteni ya lugha yoyote, bora ulimi wake uyaweze.

Mwalimu_wa_Chuo (Shela):
Waaleikum salaam dadangu. Kwanza, Farah na Faraji usiyachanganye. Farah ni furaha. Faraji ni kufunguliwa baada ya dhiki, na kwa Kiarabu herufi yake ya mwisho ni jimu, si ha. Kwenu nyinyi mliongoja, Faraji lina haki yake.

Lakini kama mimi ndiye baba, ningemwita Isihaka. Kwa Kiebrania maana yake ni "atacheka". Soma Sura Hud, aya ya 71: mkewe Ibrahim amesimama, akacheka, na papo hapo akabashiriwa Is-haq, naye ni mzee asiyetarajia tena kuzaa. Sijui jina jingine lililobeba kicheko cha mama mwenyewe namna hiyo.

Akiwa mke, Bushra, yaani habari njema. Limo Sura Yusuf, aya ya 19: mteka maji anatia ndoo kisimani, anamwona kijana, anapiga kelele "yaa bushraa!" Basma pia ni zuri, ni tabasamu.

Mpishi_wa_Maweni (Malindi):
Shemeji, huku kwetu Waitaliano wamejaa na majina yao ya furaha ni matamu: Letizia, Felice kwa mwanamume, na Gioia, ambalo hutamkwa Joya. Joya bibi yeyote wa Malindi ataliita. Shida ni kuliandika. Ukiandika Gioia kwenye cheti, mwalimu wa darasa la kwanza atamsoma mtoto jina lisilo lake mpaka amalize shule. Letizia afadhali.

Binti_Pate:
Bara letu nalo lina hazina. Waganda wana Sanyu, furaha tupu, fupi na tamu. Washona wana Rufaro, na Farai, yaani furahini. Jabulani la Wazulu ni hilo hilo, furahini. Ndilo jina lililopewa mpira wa Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini. Wayoruba wana Ayodele: furaha imekuja nyumbani. Dadangu, wewe uliyengoja, hilo si lako?

Mama_Langoni (Lamu):
Mungu awalipe. Ayodele limenitoa machozi, lakini mama amelivunja vipande viwili kila alipoliita, nami sitaki bibi amwogope mjukuu wake kwa sababu ya jina. Sanyu limefika mpaka msikitini!

Hata hivyo, mume wangu aliposomewa ile aya ya Sura Hud alinyamaza kidogo, kisha akasema mtoto mume ni Isihaka, mjadala umekwisha. Akiwa mke ni Bushra Kadzo. Mavyaa nimempigia simu, ameyarudia yote mawili na kupiga kigelegele.

Mwalimu, swali moja tu: kwenye cheti niandike Isihaka au Ishaq? Nataka cheti, chuo cha Qur'ani na shule viwe na herufi zile zile.

Mwalimu_wa_Chuo (Shela):
Isihaka, kama mtakavyomwita nyumbani. Chuoni nitamwandika kwa Kiarabu mwenyewe.