Chuo kinadai utafiti wa mwaka wa mwisho, lakini nani anausoma?

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Ninasoma mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam, ambacho sitakitaja kwa sababu bado sijakabidhiwa cheti, na kwa sababu haya ninayoyaeleza nimeyasikia pia kwa wenzangu walioko vyuo vingine vya jiji hili. Tunalazimika kufanya utafiti na kuandika ripoti ndipo tuhitimu, tunaugharamia sisi wenyewe, kisha ripoti hiyo inapokelewa, inatiwa sahihi na kupewa alama bila mtu kuisoma.

Dai hilo ni zito, kwa hiyo nieleze kilichonifanya nilitoe. Utafiti wangu ulihusu wafanyabiashara wadogo walioondolewa kandokando ya barabara za Kariakoo mwaka 2021, na jinsi walivyoendelea kutafuta riziki baada ya hapo. Rasimu ya sura zote tano niliipeleka steshenari ikachapwe, na mchapaji akachanganya karatasi za mteja mwingine na zangu: katikati ya Sura ya Nne, mara tu baada ya jedwali la umri wa wahojiwa, zikaingia kurasa kadhaa zinazojadili bei ya maziwa kwa wafugaji wa Kibaha. Nilizikuta huko baada ya msimamizi kunirudishia rasimu. Zilikuwa safi kabisa, hazina hata nukta ya kalamu. Kwenye jalada aliandika kwa wino mwekundu kwamba niongeze pambizo la kushoto ili ripoti ijalidiwe vizuri, na chini yake akaandika "endelea" na kutia sahihi. Huyu ndiye mtu ambaye chuo kimempa kazi ya kuniambia kama hoja yangu ina mashiko, kama majedwali yangu yanaunga mkono ninachodai, na kama hitimisho langu limetokana na nilichokikuta sokoni au na nilichokuwa nakiamini kabla sijatoka chumbani.

Wasiopitia hatua hizi wanaweza kudhani kwamba mwanafunzi anapewa mada, anakaa maktaba, anaandika. Sivyo. Unaanza na barua ya utambulisho ya chuo, unaipeleka ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, unapewa barua nyingine ya kwenda halmashauri, ambayo kwa Kariakoo ni Halmashauri ya Jiji tangu Manispaa ya Ilala ilipopandishwa hadhi Februari 2021, kutoka hapo unakwenda kwa mtendaji wa kata, naye anakutaka uonane na mwenyekiti wa mtaa. Kila meza inataka nakala yake na kila nakala inataka muhuri. Ukishamaliza ofisi ndipo unakutana na wenye habari zenyewe, watu wanaouza huku wanakujibu, na ambao wana sababu zote za kumwogopa mtu aliyeshika karatasi na kuuliza kipato cha siku. Hata hivyo walinijibu. Mama mmoja muuza vitenge alinisimulia alivyopoteza wateja wake wa miaka mingi baada ya kuhamishwa, na alipomaliza akaniuliza: "Haya mnayotuhoji kila mwaka, mwanangu, huwa mnayapeleka wapi?" Nilimwambia yanakwenda chuoni. Nilikuwa naamini hivyo.

Tazameni sasa jinsi kutosomwa kunavyoiharibu kazi yenyewe. Karibu kila ripoti ya shahada ya kwanza ninayoifungua katika idara yetu ina kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ambapo idadi ya watu wote inagawanywa kwa moja kujumlisha zao la idadi hiyo na kipeo cha pili cha kosa linalokubalika. Kundi la watu 10,000 likikokotolewa kwa kosa la 0.05 linahitaji wahojiwa wapatao 385, lakini likikokotolewa kwa kosa la 0.1 linahitaji 99 tu. Wenzangu wengi wanachagua 0.1, na sababu yake si ya kitaaluma hata kidogo, ni kwamba hojaji yenye kurasa nne kwa watu 385 ni gharama ya kurudufu ambayo mwanafunzi hana. Ubaya zaidi ni kwamba kanuni ile inamchukulia kila mtu katika kundi kuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, ilhali sisi tunamhoji yeyote aliyekubali kusimama. Swali moja tu la msimamizi, "uliwapataje hawa?", lingetosha kuibua jambo hilo lote, na mwanafunzi angejifunza kitu ambacho asingekisahau. Mimi sikuulizwa.

Mahali ambapo hakuna anayeuliza, uongo hustawi. Wapo wanaopika data usiku mmoja hosteli, wanajaza hojaji wenyewe kwa kalamu za rangi tofauti ili zionekane zimejazwa na watu tofauti. Wapo wanaoandikiwa ripoti nzima, na matangazo ya huduma hiyo yamebandikwa waziwazi kwenye nguzo za umeme na kuta za steshenari zinazozunguka vyuo, yakiwa na namba ya simu. Siku hizi wengine wanaiachia akili mnemba iwaandikie hadi mapitio ya maandiko, ikiwamo marejeo ambayo hayapo duniani.

Chuo kinajibu kwa kutuelekeza kwenye programu ya kukagua ulinganifu wa maandishi. Ninaunga mkono ukaguzi huo, lakini viongozi wa idara wanajua vyema kwamba programu ya namna hiyo inalinganisha maneno na maandishi mengine, haiwezi kusema kama mtu alifika sokoni. Data iliyopikwa hailingani na maandishi ya mtu yeyote, kwa hiyo inapita ikiwa safi kuliko ya aliyehangaika na jua la Kariakoo na kunukuu maandiko kwa uaminifu. Aliyedanganya anapata alama ileile, pengine nzuri zaidi, kwa kuwa majedwali yake yamenyooka kama alivyotaka yanyooke.

Nimeambiwa niwahurumie wahadhiri kwa sababu wanafunzi ni wengi. Ni kweli kwamba ni wengi, na ni kweli kwamba mhadhiri mmoja anabebeshwa kundi ambalo hawezi kulisoma ipasavyo, tena katika wiki zilezile anazosahihisha mitihani. Lakini wanafunzi hao hawakujisajili kwa siri. Chuo kiliwadahili, kikapokea ada zao, kikajua tangu mwaka wa kwanza kwamba wote watafika mwaka wa tatu wakihitaji msimamizi. Wanaosomeshwa na Bodi ya Mikopo, wakiwamo waliopangiwa fedha za utafiti ndani ya mkopo huo, wakiajiriwa watakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Wanalipia usimamizi ambao hawakuupata.

Somo la mbinu za utafiti nalo linachangia. Tulifundishwa katika ukumbi uliojaa hadi ngazini na tukapimwa kwa kutaja aina za sampuli na faida za hojaji. Hatukupewa ripoti hata moja ya zamani tuichambue darasani, tuone ilipokosea.

Ninachotaka kinawezekana bila kusubiri majengo mapya. Kama idara haina watu wa kusoma ripoti za mtu mmojammoja, iruhusu wanafunzi watatu au wanne wafanye utafiti mmoja, washirikiane gharama, na usomwe kwelikweli. Msimamizi aandike maoni kwa kila sura, yenye tarehe, na maoni hayo yawe sehemu ya kumbukumbu zinazokaguliwa kabla ya alama kutolewa. Hojaji zilizojazwa na vidaftari vya mahojiano viwasilishwe pamoja na ripoti, na mtahini achague chache amuulize mwanafunzi ana kwa ana. Na nakala moja, hata ya kurasa mbili kwa Kiswahili, irudishwe kwenye kata ambako watu walitoa muda wao.

Mwezi uliopita niliomba idara inionyeshe zinakowekwa ripoti zetu. Nilielekezwa kwenye stoo iliyo nyuma ya ofisi ya katibu muhtasi, ambako zimerundikwa sakafuni juu ya viti vibovu, za miaka tofauti pamoja, bila orodha. Humu jukwaani wamo wahadhiri, nimewaona wakichangia mada nyingine. Naomba wanijibu kwa uwazi: katika ripoti mlizotia sahihi mwaka huu, ni ngapi mlizisoma kuanzia Sura ya Kwanza mpaka ya Tano?