Nimehamishiwa Dodoma: nichukue kiwanja Ihumwa au niendelee kupanga?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtumishi, ofisi yetu iko Mji wa Serikali, Mtumba. Napanga Ilazo, vyumba viwili na sebule, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mkataba ukiisha, anapandisha. Benki iko tayari kunikopesha. Kuna kiwanja Ihumwa, dalali ananihimiza nilipe wiki hii, anasema bei haishuki kwa kuwa serikali imeshahamia. Mke wangu anasema tusubiri. Naombeni ushauri.

Mkazi wa Nkuhungu: Karibu makao makuu, mkuu. Ni kweli mishahara ya serikali ndiyo inayoshikilia bei hapa. Uamuzi wa kuhamia ni wa 1973, lakini wizara zimeanza kuja kwa wingi baada ya 2016, na wenye vyumba wakapata wapangaji papo hapo. Ila muuzaji wa leo ameshayaweka yote hayo kwenye bei: Mtumba, treni ya SGR iliyoanza safari 2024, uwanja wa ndege wa Msalato. Usikimbizwe.

Mama Wawili: Kaka, umeuliza maji? Mimi niko Nzuguni, bomba limefika mlangoni lakini maji ni ya mgao, mengine yanatoka usiku wa manane. Tanki la chini limenila hela kuliko jiko. Nenda pale bila dalali, waulize akina mama wa jirani wanachota wapi na boza ni bei gani.

Mzee wa Ramani: Kijana, zamani ardhi ya mji huu ilikuwa chini ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na watu walipewa hati za miaka 33. CDA ilivunjwa Mei 2017, mambo yakaenda halmashauri, hati zikawa za miaka 99. Kwa hiyo utaonyeshwa karatasi za kila namna. Omba namba ya kiwanja na kitalu, kafanye upekuzi kwa msajili wa hati ujue mmiliki ni nani, kisha angalia mchoro wa mipango miji. Mwenyekiti wa mtaa anamjua muuzaji, lakini barabara iliyochorwa katikati ya kiwanja anaweza asiijue.

Mleta uzi: Shikamoo mzee, asante sana. Nilichoonyeshwa ni mkataba wenye muhuri wa mtaa tu. Na mkopo je?

Mhasibu Dom: Mtumishi lazima abakiwe na theluthi ya mshahara baada ya makato. Usikubali kukatwa hadi hapo, maana kiwanja hakilaliwi: utalipa mkopo na kodi kwa pamoja. Ihumwa kuna misingi imeota nyasi, wenyewe wanamalizia makato. Tafuta kilichopimwa, lipa kwa akiba, anza na vyumba viwili vyenye choo ndani. Ukihamishwa, hivyo vinapangishika haraka, kwani wengi wetu familia bado ziko Dar.

Mleta uzi: Nimemwomba dalali namba ya kiwanja. Amesema kuna mteja mwingine anakuja na hela kesho.

Mama Wawili: Mwache huyo mteja alipe.