Naombeni ushauri: mashine za zamani za telegrafu, tuzing'arishe au tuziache?

Wadau habarini, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na vitu vya makumbusho. Nasaidia kutunza mkusanyiko wa mashine za telegrafu ya umeme (zile za kutuma ujumbe kwa waya), kuna funguo za kugongea Morse (alama za nukta na vistari) na mashine moja ya sindano, mdogo wake ile ya wavumbuzi Waingereza Cooke na Wheatstone ya 1837 iliyokuwa na sindano tano, mbili zikiinama ndo zinaonyesha herufi, na C, J, Q, U, X na Z hazikuwemo kabisa!

Sasa wenzangu wanataka tusugue shaba ing'ae, mi nakataa maana ile rangi ya dhahabu iliyofifia ni vanishi ya tangu kiwandani, ukisugua imeenda na maandishi ya fundi yanafutika. Afu wanataka tuunge betri wageni wasikie mlio, wakati waya wa koili (ule uliozungushwa mizunguko mingi) umevishwa hariri na pale kwenye skrubu hariri imeshachanika, kuna na kutu ya kijani ya shaba. Naogopa itapiga shoti koili iungue.

Huo ukijani mnautoaje bila kugusa hariri? Na kupima koili kwa multimita (kipima umeme) ni salama? Mi naona bora tutengeneze nakala ya kuchezea, ya asili ipumzike.