Gitaa moja, mwimbaji mmoja: ninunue mashine ya midundo au niache?

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, miaka mingi nimepiga gitaa la rizimu kwenye bendi za dansi. Sasa mimi na dada mmoja aliyetoka kwaya tunapiga kila Ijumaa kwenye hoteli moja huku Area C. Meneja anataka jazz ya Kimarekani ya zamani: Summertime, Autumn Leaves na ndugu zake. Besi hakuna, dramu hakuna. Nikisikia pengo nalijaza kwa kukwangua nyuzi zote sita, dada naye anapandisha sauti asikike. Wimbo wa nne koo limekauka, na vumbi letu hili mnalijua. Ninunue mashine ya midundo?

Halafu juzi mzee wa meza ya mbele kauliza, "Jazz gani hii? Mbona hampigi Morogoro Jazz?"

Mzee wa Rizimu: Usimcheke. Kwetu jazz ilikuwa jina la bendi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Muziki wenyewe dansi. Mpigie moja mwishoni, atatulia.

Zabibu Chachu: Mashine ya nini? Sikiliza mwimbaji Ella Fitzgerald na mpiga gitaa Joe Pass, albamu yao Take Love Easy ya 1973. Sauti na gitaa tu, mwanzo hadi mwisho. Kidole gumba kipige besi, juu yake weka noti mbili: ya tatu na ya saba ya kodi (kodi za gitaa, yaani noti zinazopigwa pamoja; TRA msije). Sikio litajua zilizobaki. Dada akiimba, punguza. Akishika neno refu, hapo ndipo utembeze besi, noti moja baada ya nyingine.

Mkazi wa Kisasa: Malipo vipi lakini?

Mwenye uzi: Chipsi kuku na nauli ya boda. Tusifike huko mkuu.

Binti Nkuhungu: Naimba pia. Summertime mnaipiga kii gani, yaani mnaanzia noti ipi, juu au chini?

Mwenye uzi: A maina, kama ilivyo kwenye kitabu changu cha nyimbo.

Binti Nkuhungu: Kitabu hakimjui dada yako. Kwaya imemzoesha kurusha sauti ifike viti vya nyuma. Kwenye maiki aimbe karibu na anavyoongea. Shusheni hadi G maina, ikibidi E maina. Na wewe utafaidi, E na A za besi unazipata kwenye nyuzi wazi. Halafu jamani, ule ni wimbo wa kubembeleza mtoto! Gershwin aliuweka kwenye opera ya Porgy and Bess, 1935, mama akiwa na mwanawe. Nani anabembeleza kwa kelele?

Mwenye uzi: Mrejesho wakuu. Jana tumefanya mazoezi kwao, E maina, noti mbili mbili. Mwanawe wa miaka miwili kalala kabla hatujafika ubeti wa pili. Sijui meneja atalichukuliaje hilo Ijumaa.