Kwa nini mifupa ya dinosaria haipatikani Tabora?

Mwalimu wa Isevya:

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Tabora mjini. Tulipofika kwenye mada ya miamba niliwaeleza wanafunzi habari za Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria na kuisafirisha hadi Berlin, na mmoja wa dinosaria hao, Giraffatitan, amesimamishwa huko mpaka leo akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mwanafunzi mmoja akauliza: ikiwa wanyama hao walienea nchi nzima, mbona hatusikii kwamba mifupa yao imepatikana Sikonge, Urambo au hapa mjini? Mwingine akaniletea jiwe lililochimbwa kwenye msingi wa nyumba yao, lenye alama nyeusi zenye matawi madogo madogo kama ya kangaga, naye anaamini kuwa ni mmea wa kale uliogeuka jiwe. Sipendi kuwajibu kwa kubahatisha. Naomba mwenye elimu ya mambo haya anisaidie.

Mpima Miamba, Nzega:

Mwalimu, mpe pongezi mwanafunzi wako wa kwanza, kwa sababu swali lake linagusa kiini cha elimu hii. Mnyama akifa porini, fisi, mchwa, jua na mvua humaliza mifupa yake kwa muda mfupi. Ili mfupa uwe kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, ni lazima ufunikwe mapema na matope, mchanga au majivu ya volkeno, kisha madini yaliyomo katika maji yapenye polepole kwenye vitundu vyake, na tabaka lile libaki bila kuyeyushwa wala kumomonyolewa kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo visukuku hutafutwa katika miamba ya mashapo, yaani iliyotokana na matope na mchanga uliotuama na kugandamana, tena mashapo ya umri unaolingana na kiumbe unayemtafuta.

Sasa angalia ardhi ya Tabora. Majabali tunayoyaona karibu kila mahali ni ya itale, na itale huganda kutokana na uji wa moto chini sana ardhini, mahali ambapo hakuna kiumbe anayeweza kuacha mfupa. Isitoshe, majabali haya ni sehemu ya kitako cha kale cha nchi yetu chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilhali dinosaria walianza kuonekana yapata miaka milioni 230 iliyopita, na wote, isipokuwa ndege ambao ni uzao wao, wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Inawezekana kabisa kwamba walipita hapa tunapoishi. Lakini eneo hili lilikuwa nchi ya juu inayoliwa na mmomonyoko, si bonde linalopokea matope, na hapakuwa na kitu cha kuwahifadhi. Tendaguru ilikuwa pwani yenye mito na maji ya bahari yaliyotulia. Vivyo hivyo bonde la Rukwa lilipokea mashapo kwa vipindi virefu, ndiyo maana watafiti wametangaza dinosaria kutoka huko, Rukwatitan mwaka 2014 na Mnyamawamtuka mwaka 2019.

Kuhusu lile jiwe, lichunguze kwa kioo cha kukuzia. Jani la kweli huwa na mshipa wa kati na mishipa midogo inayotoka humo kwa mpangilio. Ukiona matawi yanaanzia kwenye ukingo wa ufa na kusambaa bila mshipa wa kati, hayo ni madini ya manganizi au ya chuma yaliyoletwa na maji yaliyopenya kwenye ufa na kuganda humo. Watu wengi duniani huyadhania mimea. Kwa maelezo uliyotoa, nina hakika karibu yote kwamba ndicho alichonacho mwanafunzi wako, hasa kama jiwe lenyewe ni itale.

Hata hivyo, naomba usiwaambie wanafunzi kwamba Tabora haina visukuku, kwa kuwa inavyo, na vya thamani kubwa. Katika bonde la Manonga, upande wa Igunga na Nzega kuelekea Shinyanga, kulikuwa na ziwa la kale ambalo matope yake yamehifadhi wanyama walioishi kati ya miaka milioni 5.5 na milioni 4 hivi iliyopita. Katika miaka ya 1990, watafiti wakiongozwa na Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York waliokota huko mifupa na meno ya viboko, mamba, kobe, samaki, jamii za swala, farasi wa kale wenye vidole vitatu, na Anancus, ndugu wa tembo aliyekuwa na pembe ndefu zilizonyooka. Gego la tembo wa leo ni bapa nyembamba zilizobanana. La Anancus lina vinundu vikubwa vilivyopangwa jozi kwa jozi, na mtu akiyaona yote mawili hawezi kuyachanganya tena. Umri wa matabaka yale ulikadiriwa hasa kwa kutumia nguruwe. Nguruwe wa kale aitwaye Nyanzachoerus alibadilika magego kadiri vizazi vilivyopita, hivyo jino lake la Manonga hulinganishwa na meno ya nguruwe kutoka maeneo mengine ya Afrika Mashariki ambako majivu ya volkeno yameshapimwa umri.

Binti wa Kibirizi, Kigoma:

Nashukuru kwa maelezo haya, kaka. Naongeza la samaki, kwa sababu huku Kigoma ndiyo maisha yetu. Mwalimu, nunua kuhe sokoni, umtazame puani: kila upande ana tundu moja tu, wakati samaki wengi wengine wana mawili. Ukimpasua kooni utakuta mfupa wa pembetatu wenye meno, yaani taya la pili la kusagia chakula. Alama hizi ni za jamii ya sikilidi, ambayo ndiyo pia jamii ya perege na ya wale samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe ya ziwani.

Ziwa Tanganyika lenyewe linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Lakini visukuku vya sikilidi wa kale sana vimepatikana Mahenge, kwenye uwanda wa Singida, jirani zenu kabisa, katika matope ya ziwa lililojaa kwenye shimo la mlipuko wa volkeno yapata miaka milioni 46 iliyopita. Samaki hao, waliopewa jina Mahengechromis mwaka 2000, wamehifadhiwa mifupa yote ikiwa mahali pake. Jamii yao ilikuwapo katika nchi hii muda mrefu kabla ziwa letu halijakuwapo, jambo ambalo kwangu linastahili kufundishwa kabla ya dinosaria wowote.

Mwalimu wa Isevya:

Nimefarijika sana. Jiwe nimelitazama: halina mshipa wa kati, na matawi yote yanaanzia kwenye ufa. Swali langu la mwisho: je, naweza kuwapeleka wanafunzi Manonga, nao waokote wanachokiona?

Mpima Miamba, Nzega:

Kuwapeleka ni jambo jema, mwalimu, ila kuokota hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mabaki ya namna hii bila leseni. Zaidi ya hayo, jino lililoondolewa mahali pake bila kumbukumbu hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, kwa sababu hakuna tena anayeweza kusema lilitoka tabaka gani. Anza kwa kumwona afisa utamaduni wa wilaya, na ufike pia ofisi ya kijiji. Nendeni kiangazi, majani yakiwa yamekauka na makorongo yako wazi. Mwanafunzi akiona mfupa auache palepale, aweke rula pembeni yake, apige picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha korongo zima, kisha aandike mahali ulipo na rangi ya udongo unaouzunguka. Picha na maelezo hayo muyakabidhi kwa afisa utamaduni, ambaye atayafikisha Idara ya Mambo ya Kale.