Naombeni ushauri: projekta ya kutengeneza mwenyewe, nimekwama kwenye lenzi

Kijana wa Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Nataka kutengeneza projekta, tuangalie mpira na muvi ukutani hapa nyumbani. Kioo cha TV ya inchi 32 ninacho, na LED ya wati 100 nimeshailipia Kariakoo. Nimekwama kwenye lenzi. Ile ya kusomea gazeti inatosha? Nahitaji jibu mapema, hata usingizi siupati.

Fundi Mataa: Mkuu, tuanze na kioo. Inchi 32 ni kikubwa mno. Mwanga unatakiwa upite kioo kizima, halafu ukusanywe na lenzi bapa ya Fresnel yenye ukubwa huohuo, kama sentimita 70 kwa 40. Sanduku lake litakuwa kama kabati la nguo. Wanaofanikiwa wanatumia kioo cha inchi 5 au 6 chenye bodi ya HDMI ya kuingizia picha. Chukua lenzi ya fokasi (umbali inapokusanya mwanga wa mbali) sentimita 20, weka kioo cha inchi 6 umbali wa sentimita 22: kwenye ukuta ulio mita 2.2 unapata picha ya inchi 60. Hicho cha 32 umekitoa wapi?

Mama Chausiku: Usingizi unakosa kwa ajili ya muvi? Lala, mwanangu.

Bahari ya Tanga: Mmenikumbusha marehemu baba. Alikuwa na kibanda umiza, TV ya chogo moja na jenereta. Siku ya fainali petroli ikaisha mpira haujaisha, watu wakadai viingilio vyao. Mzee alirudisha vyote, mpaka vya waliopenya bila kulipa.

Kijana wa Mbagala: Pole kwa mzee, mkuu. Kioo kipo tu hapa nyumbani. Naomba turudi kwenye lenzi.

Fundi Mataa: Kipo tu kivipi? Kimetoka kwenye TV mbovu au nzima?

Kijana wa Mbagala: Nzima. Ni ya dada, yuko Muscat kikazi, aliinunua alipokuja likizo. Lakini nieleweni, hakuna anayeiangalia, imefunikwa kitambaa sebuleni. Na sijaiharibu, nimetoa kioo tu, taa za ndani sijazigusa. Jana nilijaribu kwanza na simu ndani ya boksi, na lenzi hiyo ya kusomea. Picha ilitoka, ila kichwa chini miguu juu: nembo ya chaneli iliyokuwa juu kulia ikawa chini kushoto. Nikiachia hapa, hela ya LED ndiyo imeenda.

Mama Chausiku: Dada anapigwa jua la Uarabuni, wewe unamfungulia TV yake! Mpigie leo. Asije kuambiwa na majirani.

Mzee wa Ofa: Achana na sanduku. Tafuta projekta ya ofisi iliyotumika, na kabla ya kulipa ingia kwenye menyu uone taa yake imeshawaka jumla ya masaa mangapi.

Shahidi wa Pili: Wakuu, hii ni chai. Simu ikitazama ukuta, aliye upande wa boksi anaona picha imepinduka juu chini tu. Nembo ya juu kulia lazima iangukie chini kulia. Huyu hajawasha kitu, amekaa anatunga.

Bahari ya Tanga: Duh. Na mimi nimeshamwaga habari za baba yangu.

Kijana wa Mbagala: Sio chai, naapa! Sikutumia ukuta. Nilitundika shuka mlangoni, boksi likawa ndani, mimi nikawa upande wa pili.

Fundi Mataa: Basi anasema kweli. Ukiitazama picha kwa nyuma ya shuka, kulia na kushoto navyo vinabadilishana, siyo juu chini peke yake. Igeuze simu kichwa chini na uangalie ukiwa hukohuko nyuma ya shuka, yote yatanyooka.

Shahidi wa Pili: Nimekubali. Ila upande wa pili wa mlango ni nje. Nani alikuwa nje?

Kijana wa Mbagala: Vijana wa mtaani, barazani. Nimewaahidi mechi za wikiendi, kiingilio kidogo tu. AFCON 2027 inachezwa kwetu, Kenya na Uganda, nataka nianze mapema.

Fundi Mataa: Ungelisema mwanzo. Kioo cha LCD chenye rangi hakipitishi hata sehemu moja ya kumi ya mwanga, nyingi inageuka joto. Kwa LED ya wati 100 utaona vizuri kwenye chumba chenye giza, barazani kwenye taa za mtaa hapana. Na LED hiyo bila alumini kubwa ya kupozea na feni inaungua mara moja. Itunze kwa kioo cha inchi 6. TV ya dada irudishe: chomoa umeme kabisa, usiguse bodi ya pawa, kapasita yake kubwa inashika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Bamba nene jeupe linakaa upande wa taa, karatasi nyembamba zinafuata, kioo mwisho. Zile nyaya bapa za pembeni usizikunje.

Kijana wa Mbagala: Karatasi zipo tatu, moja ina mistari midogo ukipitisha kucha. Mistari inaangalia wapi?

Fundi Mataa: Kwenye kioo. Na shika kwa kingo, alama za vidole zitaonekana.

Mama Chausiku: Umempigia dada?