Mrejesho: viambatisho vilivyokuwa havifiki

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini programu yetu ya kutuma ankara kwa barua pepe hapa Ngamiani, Tanga, inaandika "imetumwa" lakini wateja wa Muheza na Pangani hawaoni kitu nikiambatisha hati za mzigo. Limeisha, alhamdulillahi.

Yule kaka aliyesema nifungue kikasha cha anwani inayotumiwa na programu, Mungu ambariki. Hatukuwa tunakifungua kabisa. Nimekuta barua zilizorudishwa zimejazana, zote zinasema ujumbe umezidi ukubwa. Kikomo cha seva yetu ni MB 25, na faili langu lilikuwa MB 20, ndiyo maana sikulishuku. Kumbe kiambatisho hugeuzwa maandishi kabla ya kusafiri: kila baiti 3 zinakuwa herufi 4. Hiyo MB 20 inakaribia 27!

Skana ilikuwa kwenye dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi), tena kwa rangi. Nimeishusha hadi 200, nyeusi na nyeupe. Saini na muhuri vinasomeka vizuri tu, na faili halifiki hata MB 2. Jana mama mmoja wa Pangani kapiga simu mwenyewe: "Mwanangu, leo imefika, naiona." Nimefurahi mno.

Barua zinazorudi nimezielekeza zije kwangu.